Chumba kimoja, watoto wengi: namna ya kukipanga na kukipamba

Mjini Oicha, chumba cha watoto mara nyingi ni kidogo na wenye kulala ndani ni wengi. Toka mwezi wa 10 mwaka 2014, wakati mauaji ya raia yenye kuhesabiwa juu ya waasi wa ADF yalianza katika eneo la Beni, familia nyingi ziliacha Eringeti, Mamove na vijiji vingine, zikakuja kutafuta usalama kandokando ya barabara ya taifa namba 4. Wengi hawakufikia kwenye kambi. Walipokelewa na ndugu, na marafiki, ao na watu wa kanisa moja. Ndiyo maana nyumba yenye ilikuwa na watoto wanne inaweza kujikuta na watoto saba ao nane, na chumba ni kile kile.

Kuna wenye kusema kupamba chumba cha watoto ni mambo ya watu wa pesa. Lakini mtoto mwenye kulala vibaya anasinzia darasani. Mwenye kulala inje ya chandarua anashikwa na malaria. Na mtoto mgeni mwenye hana hata musumari wa kutundika shati lake, anajiona mzigo ndani ya nyumba ya watu. Haya ndiyo mambo ya kufahamu kwa mzazi mwenye kutaka kupanga chumba kama hicho na kukifanya kiwe kizuri, hata na pesa kidogo.

Kwanza kutoa, kisha kuongeza

Mashirika yenye kusaidia watu wakati wa vita na majanga yanafuata kanuni za Sphere. Kanuni hizo zinasema kila mtu awe na angalau metre carré 3,5 chini ya paa, bila kuhesabu fasi ya kupikia. Chumba cha metre 3 kwa 3 kiko na metre carré 9. Kwa hesabu hiyo, ni chumba cha watu wawili, na fasi kidogo inabaki. Oicha, chumba cha ukubwa huo kinaweza kulaza watoto watano.

Kama haiwezekani kuongeza chumba, kazi ya kwanza ni kutoa kila kitu chenye hakihusu kulala. Nyumba nyingi zinaweka ndani magunia ya kakao kwa kuogopa wezi. Kakao yenye haijakauka vizuri inaleta unyevu na ukungu, na watoto wanaanza kukohoa. Kuku na mbuzi nao hawafai kulala na watoto. Bidon ya petroli na betri ya sola yenye maji ya asidi zitafutiwe fasi ingine.

Dawa za shamba ni hatari kupita vyote. Zisiwekwe ndani ya chumba cha kulala hata kama chupa imefungwa, wala zisimwagwe ndani ya chupa ya maji ao ya limonadi. Mtoto wa miaka mitatu anajua chupa, lakini hajui kusoma.

Kitanda cha etaje, mukeka na matela

Fundi wa mbao anaweza kutengeneza vitanda viwili vyenye kupandana, wengine wanaviita vitanda vya etaje. Vinaokoa fasi sana, lakini viko na masharti. Mtoto mwenye hajafikisha miaka 6 asilale juu. Kitanda cha juu kizungukwe na ubao wa kuzuia pande zote, hata upande wa ukuta, na ubao huo upite matela kwa sentimetre 16 ao zaidi. Ukinunua matela nene kuliko ile yenye fundi alipima, ubao unakuwa mufupi, na mtoto anaweza kubingirika na kuanguka. Nafasi kati ya mbao za kuzuia isifike sentimetre 9, sababu mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki kimekwama. Ngazi ifungwe na boulon ao misumari mirefu, kamba inalegea.

Kwa familia yenye haina vitanda, watoto wanalala chini kwenye mukeka ao kwenye matela. Udongo na sima vinatoa unyevu usiku. Matela ikibaki chini siku zote, inaoza upande wa chini bila mtu kuona. Kila asubui iinuliwe na kuegemezwa ukutani, na siku ya jua itolewe inje. Mbao chache zenye kupigiliwa juu ya vipande vya miti zinatosha kuiinua sentimetre 10 kutoka chini, na hewa inapita.

Kama watoto ni wengi kwenye matela moja, walale kichwa na miguu: mumoja anaelekeza kichwa huku, mwenzake kule. Hivyo hawakoholeani usoni usiku kucha. Mtoto muchanga asichanganywe nao. Alale karibu na mama, mgongo chini, bila mito wala manguo mingi kando ya uso, sababu wakubwa wanaweza kumulalia bila kujua.

Wasichana na wavulana wadogo wanaweza kulala chumba kimoja. Wakianza kukua, wazazi wengi wanatenga chumba kwa rido ao kikwembe chenye kushonwa pindo na kupitishwa kwenye kamba. Rido inapamba chumba na inampa kila mutu heshima yake wakati wa kuvaa.

Chandarua ndiyo pambo la kwanza

Mbu wa malaria anauma zaidi usiku. Kipimo chenye kufuatwa wakati wa kugawa vyandarua ni kimoja kwa watu wawili. Chumba cha watoto watano kinahitaji vitatu. Kama viko viwili tu, wenye kutangulizwa ni watoto wenye hawajafikisha miaka mitano, sababu malaria inaua hao kuliko wakubwa.

Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kwanza kivulini siku moja, kisha kitundikwe. Misumari minne ipigwe kwenye pembe za chumba ao za kitanda, na pindo la chini liingizwe chini ya matela ao ya mukeka. Kikichafuka, kifuliwe na sabuni ya kawaida, bila javel, kisha kikaushwe kivulini, sababu jua linapunguza nguvu ya dawa. Tundu ndogo ishonwe siku ile ile. Chandarua cheupe chenye kufungwa vizuri muchana kwa kipande cha kikwembe kinapendeza, na watoto hawakivute wakicheza.

Moto na mwanga

Kitadowa na mushumaa ni adui wa chandarua. Ndimi moja ya moto inatosha, na watoto wenye kulala katikati ya wengine hawapate njia ya kukimbia. Taa ndogo ya sola itundikwe juu, mbali na mikono ya wadogo. Kama hakuna taa ya sola, kitadowa kiwashwe sebuleni na kizimwe mbele ya watu kulala.

Usiku wa mvua, kuna wenye kuingiza mbabula ya makala ndani ili watoto wapate joto. Makala yenye kuwaka ndani ya chumba chenye kufungwa inatoa gazi yenye haina harufu wala rangi, na mtu anakufa akiwa usingizini. Hata makala yenye inaonekana imezimika inaendelea kutoa gazi hiyo. Kifuniko kingine ni bora kuliko mbabula.

Kupaka ukuta bila kuvunja mfuko

Ukuta mweupe unasaidia macho: taa ndogo ya sola inaangaza zaidi kwenye chumba cheupe kuliko kwenye ukuta wa udongo mutupu. Mbele ya kupaka, nyufa zote zizibwe na udongo mupya, sababu ndani yake ndimo kunguni na mende wanajificha. Ukuta ukauke kabisa.

Udongo mweupe unaweza kupakwa bila kununua rangi ya dukani. Unachungwa, unachanganywa na maji na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ushike na usichafue nguo. Unapakwa mara mbili, na mara ya pili ni wakati ya kwanza imekauka. Chokaa nayo inafanya kazi nzuri, lakini inachoma macho na ngozi. Watoto wakae mbali mpaka ikauke, na mwenye kupaka alinde macho yake.

Sehemu ya chini ya ukuta, mpaka kwenye urefu wa metre moja, ipewe rangi ya giza kidogo, kwa mfano udongo mwekundu. Hapo ndipo mikono ya watoto inagusa kila siku. Ukipaka nyeupe mpaka chini, kisha mwezi mmoja utaanza kugombana nao.

Kwa rangi ya dukani, kuna jambo la kuangalia. Rangi zingine za mafuta, zaidi njano na nyekundu yenye kung'aa, zinaweza kuwa na plomb. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha plomb ndani ya damu chenye kujulikana kuwa hakina hatari. Kwa mtoto, plomb inaharibu ubongo, na yeye ndiye mwenye kubandua rangi ukutani na kutia vidole kinywani. Rangi ya maji yenye kuandikwa kwamba haina plomb ni bora. Baada ya kupaka, dirisha libaki wazi na watoto walale fasi ingine kwa siku chache, mpaka harufu iishe.

Watoto wanapenda kuandika ukutani. Sehemu moja ya ukuta inaweza kupakwa nyeusi iwe tableau yao. Weusi wake utoke kwenye makala ya kusagwa. Kuna wenye kuvunja mapile ya zamani ya redio ili kupata unga mweusi. Unga huo ni sumu, usiingie kwenye chumba cha mtoto. Kubandika magazeti na karatasi za mifuko ya sima ukutani kote nako si kuzuri: kunaficha kunguni na kunashika moto haraka. Picha mbili ao tatu zinatosha. Picha za silaha, za damu na za vinyago vya kutisha zibaki inje, zaidi kwa watoto wenye walikimbia vita.

Kila mtoto na fasi yake

Ndani ya chumba cha watoto wengi, ugomvi mara nyingi unatokea juu ya vitu vidogo: nani alale kando ya ukuta, shuka ni ya nani, nani alichukua kalamu. Dawa yake ni kumpa kila mtoto fasi yenye inajulikana. Ubao mmoja wenye misumari, kila musumari na jina ao alama: nyota, samaki, jani, jua. Mwenye hajui kusoma anajua alama yake. Chini ya ubao, carton ao kikapu kimoja kwa kila mtoto, kwa nguo na vitu vya masomo. Vipande vya kikwembe vyenye rangi mbalimbali vinaweza kushonwa kwenye pembe za vifuniko ili kila mutu atambue chake.

Hapa ndipo mtoto mwenye kukimbia vita anajua kama amepokelewa kweli. Kama watoto wa nyumba wako na alama na yeye hana, kama wao wako kwenye matela na yeye siku zote kwenye gunia karibu na mlango, anaelewa bila mutu kumwambia. Sheria ya Kongo juu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inasema watoto wote ni sawa mbele ya sheria na wako na haki ya ulinzi sawa. Kama vitanda havitoshi, watoto wapokezane: juma hili hawa kwenye kitanda, juma lenye kufuata wale. Mgeni achague alama yake mwenyewe, na asaidie kupaka ukuta pamoja na wengine.

Mtoto mwenye aliona mambo mabaya anaweza kuamka usiku akilia, ao kukojoa kitandani hata kama alikuwa amekwisha kuacha. Asichekwe wala kupigwa. Apewe fasi ya katikati, mbali na mlango na dirisha, na kipande cha plastiki chini ya shuka yake. Ikiendelea muda mrefu, apelekwe kwenye kituo cha afya.

Mlango na dirisha

Mlango usifungiwe na kitanda wala sanduku. Ufunguo uwe na musumari wake, na wakubwa wote wajue ni wapi. Viatu vya watoto vipangwe jioni kando ya mlango, ili usiku ule wenye watu watalazimika kutoka haraka, kusiwe kutafutatafuta gizani. Dirisha lifunguliwe kila asubui. Hewa inapunguza unyevu, kikohozi na harufu.

Usafi wa kila juma

Upele unaenea haraka kwa watoto wenye kulala pamoja. Akionekana mumoja mwenye kujikuna usiku, wote wa nyumba watibiwe siku moja, na shuka, vifuniko na nguo vifuliwe siku hiyo hiyo na kukaushwa kwenye jua kali. Kumtibu mumoja tu ni kazi ya bure.

Kwa mzazi mwenye pesa kidogo, mpango unaweza kufuata njia hii. Kutoa magunia na dawa za shamba, na kufungua dirisha, hakulipishwi kitu. Kisha vyandarua. Kisha taa ya sola. Kisha kuinua matela kutoka chini. Ubao wa misumari wenye alama unaweza kutoka kwenye mabaki ya mbao ya fundi. Ukuta wa udongo mweupe ni kazi ya siku ya Posho, watoto wote wakiwa na kitu cha kufanya. Rangi ya dukani na rido mpya zinaweza kungoja mavuno ya kakao.