Naviundu: shaba iliyoitangulia kampuni

Mwulize mkazi wa Lubumbashi mji wake ulianza lini, naye atakutajia 1910, reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, au 1911, tanuru la Union Minière lilipotoa shaba yake ya kwanza. Tarehe hizo ni za kweli, ila zimetuzoesha kuamini kwamba madini ya Katanga yalikuwa yamelala tu ardhini mpaka kampuni iliyoundwa 1906 ilipokuja kuyaamsha. Naviundu, pembezoni mwa mji huohuo, inakataa. Wanaakiolojia walikuta pale mabaki ya kuyeyushia shaba, na kipimo cha kaboni kikayarudisha hadi karne ya 4. Basi historia ya uchimbaji katika mji huu ina zaidi ya miaka 1,500, na enzi ya kampuni ni sura yake ya mwisho tu.

Kuna watakaosema kipimo cha mahali pamoja ni uzi mwembamba wa kuning'inizia karne nyingi hivyo. Hoja hiyo ina uzito: makaa ya mti mzee huweza kuonyesha umri mkubwa kuliko moto wenyewe. Lakini Naviundu haisimami peke yake. Kansanshi, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, shaba iliyeyushwa karibu na nyakati hizohizo. Kisha kuna makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mahali pasipo na madini ya shaba. Wafu wa huko walizikwa na misalaba midogo ya shaba, na kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ikazidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, kama kitu kinachohesabiwa, kama fedha. Shaba ile ilisafirishwa kutoka mbali, na biashara ya namna hiyo haizaliwi kwa msimu mmoja.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kiasi: vijitanuru vya udongo si kitu mbele ya bomba la moshi la Lubumbashi na mlima wa mavi ya shaba ulio chini yake. Ni kweli. Lakini anayepima urithi kwa tani peke yake anasahau ujuzi. Kazi ya wafua shaba wa mwisho, wale walioitwa wala shaba, ilielezwa na mmisionari Jean-Félix de Hemptinne mwaka 1926. Walingoja kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi, wanaume wakachimba mashimo. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa unavumilia moto, likajazwa makaa ya miti migumu, na mivukuto ikapuliza mpaka shaba ikatiririka. Waliiyeyusha tena kuisafisha kabla ya kuimimina katika kalibu. Shaba haiyeyuki mpaka joto lizidi nyuzi 1,080. Kulifikia joto hilo kwa makaa na mivukuto ni ufundi, tena ufundi mkubwa. Isitoshe, watafutaji madini wa Kizungu mara nyingi walifuata mashimo ya kale ambayo wenyeji waliwaonyesha. Kalukuluku, mgodi ulioitwa Étoile, uliolisha tanuru la 1911, wenyeji walikuwa wamekwisha kuuchimba. Ni haki kusema wazi kwamba kampuni ilianzia kwenye maarifa ya watu ambayo haikuyalipia.

Wanasiasa waliuona uzito wa urithi huu mapema: bendera ya Katanga ya 1960 ilibeba misalaba mitatu ya shaba, na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa mzima uliitwa Shaba. Lakini alama hupeperushwa kirahisi kuliko eneo kulindwa. Mji unapanuka, na msingi wa nyumba moja unatosha kufuta tanuru lililongoja karne kumi na sita. Wanasayansi walijifunza kuyatambua matanuru hayo kwa mmea mdogo wenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambao huota pale ambapo mavi ya shaba yameutia udongo sumu na mimea mingine ikashindwa. Unapouona umetanda kwenye kipande cha uwanja kisicho na nyasi ndefu, mbali na mgodi wowote, yafaa kusimamisha jembe kwanza: huenda chini yake kuna jivu la mfua shaba.