Shingo, Sheria na Siri: Kumpokea Aliyenusurika Kujinyonga

Mtu akinusurika kujinyonga, au akikabwa koo na mwenzake, macho ya wote hukimbilia kwenye ngozi. Pasipo na alama, na mwenyewe akiwa anaongea, huambiwa kwamba Mungu amemwepusha, akarudishwa nyumbani. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ni wa hatari kitabibu, na kwamba aibu na sheria ndizo zinazouharakisha.

Shingoni, katika nafasi finyu, hupita njia ya hewa, uti wa mgongo na ateri zinazolisha ubongo. Shingo ikigandamizwa, utando wa ndani wa ateri unaweza kuchanika bila ngozi kuonyesha chochote. Penye mchaniko damu huganda, na bonge hilo likipanda kwenye ubongo huleta kiharusi, pengine siku kadhaa baadaye, kwa kijana ambaye hajawahi kuugua shinikizo la damu. Zoloto nayo huweza kuvimba polepole, hata aliyekuwa akihema vizuri jioni akabanwa usiku. Sauti kukwaruza, shida ya kumeza, kichwa kuuma sana, uso au mkono kulegea, kuchanganyikiwa, kutokumbuka kilichotokea: hizi ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali, na aliyewahi kuzimia wakati wa tukio apelekwe hata kama sasa anajisikia mzima. Kwenye ngozi nyeusi michubuko ni migumu kuonekana, kwa hiyo mganga anayesubiri kuiona atawakosa wagonjwa wengi wa kwetu. Kipimo kinachofaa ni CT ya mishipa ya shingo. Hospitali isiyo nacho imlaze mgonjwa, imwangalie kwa karibu na kumpa rufaa mapema.

Lakini mganga hawezi kuchunguza jeraha asiloambiwa. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayojua hivyo, na inayoiogopa fomu ya polisi, PF3, kuliko ugonjwa wenyewe, husema mgonjwa ameanguka. Aliyeambiwa mtu ameanguka atapapasa mbavu na miguu. Shingo haitamjia akilini. Hivyo sheria iliyokusudiwa kulinda uhai huficha kile ambacho kingeuokoa.

Wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba adhabu hutia hofu. Inatia kweli, ila hofu hiyo humkuta mtu baada ya tukio, anapohitaji daktari. Aliyefikia kukata tamaa na uhai hapimi uzito wa faini. Wengine huuliza dola itamzuiaje mtu asijidhuru tena. Kwa hilo ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, yenye utaratibu wa kumlaza mgonjwa na kumtibu. Kenya imekwisha kupiga hatua: tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichoruhusu kifungo cha hadi miaka 2, kinakiuka Katiba. Ghana ililifuta kosa kama hilo kupitia Bunge mwaka 2023. Sioni sababu ya Dodoma kusubiri.

Mwanamke aliyekabwa na mumewe anahitaji neno la pekee. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Muuguzi asimuulize mbele ya mume kilichompata. Amtenge kwanza, kisha amuulize.

Shingo ikishatazamwa, bado mtu mwenyewe. Kuna imani kwamba ukimuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua utakuwa umemfundisha. Utafiti haujaithibitisha imani hiyo, na wengi wakiulizwa kwa upole huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Kinachofuata ni kumsikiliza bila kumhubiria, kutomwacha peke yake hatari ikiwa karibu, na kumwondolea vitu anavyoweza kujidhuru navyo.

Msaada huo hauhitaji mabingwa tele. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua katika miji ya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa mazungumzo ya takriban saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha likapigiwa simu au kutembelewa mara kadhaa. Matokeo ya miezi 18, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa haya: waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, katika la pili, asilimia 0.2.

Nasisitiza takwimu hizo kwa sababu tunavyo vitendea kazi vya huduma hiyo. Tuna wahudumu wa afya ya jamii wanaojua nyumba kwa nyumba, na simu imefika hadi vijijini. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza kesho: mgonjwa asiruhusiwe kabla jina la atakayempigia na tarehe ya simu ya kwanza havijaandikwa kwenye faili lake, na tarehe hiyo iwe ndani ya wiki ileile.