Stashahada ya ufundi: Njia ya pili ya kuufikia uhandisi

WAHITIMU wa kidato cha nne mjini Morogoro wanaotaka shahada ya uhandisi si lazima wapitie kidato cha sita. Wanaweza kusoma kwanza stashahada ya ufundi katika chuo cha kati kinachotambuliwa na NACTVET.

Kwa mujibu wa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwombaji wa njia hiyo hutakiwa kuwa na ufaulu wa kuanzia alama D katika masomo manne ya kidato cha nne pamoja na stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0. GPA ya 2.0 humwezesha mwanafunzi kuhitimu, lakini haimfikishi chuo kikuu.

Fani nayo hutazamwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima ya Uluguru, hufundisha uhandisi wa kilimo na wa umwagiliaji. Stashahada ya fani isiyohusiana, hata yenye alama za juu, yaweza kukataliwa.

Kwa hiyo mwongozo wa udahili wa TCU, unaotaja sifa za kila programu, hufaa usomwe kabla ya kuchagua chuo cha kati, si baada ya kuhitimu.