Tofauti ya Miraba Miwili

Katika masomo ya aljebra tulikaririshwa kwamba mraba wa namba moja ukitoa mraba wa nyingine, jawabu ni jumla ya namba hizo mara tofauti yake. Tukaandika, tukafaulu mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba kanuni ile ni zana ya kupunguza jasho. Mwambie mtoto azidishe 98 kwa 102, ataanza kupanga tarakimu. Kumbe moja ni 100 kasoro 2, na nyingine ni 100 na 2. Mraba wa 100 ni 10,000. Toa mraba wa 2, zinabaki 9,996.

Mtu aliyeigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye kwake hisabati ilikuwa shughuli ya baada ya kazi. Katika barua ya mwaka 1643 hivi alieleza namna ya kupata vigawo vya 2,027,651,281. Njia iliyozoeleka ni kuigawa namba hiyo kwa namba tasa moja baada ya nyingine: 2, 3, 5, 7 na kuendelea. Kwa namba hii angezipita zaidi ya 4,000 ndipo apate inayoigawa bila baki.

Fermat hakugawanya. Alijiuliza: ni mraba gani ambao ukiutoa mraba mwingine utabakiza namba hii? Akaanza na 45,030, namba ya kwanza ambayo mraba wake unaizidi. Ziada yake ni 49,619, nayo si mraba, kwani hakuna mraba unaoishia na 19. Akapanda hadi 45,031, kisha 45,032. Na hapa ndipo uzuri ulipo: huna haja ya kutafuta mraba upya kila mara. Unaongeza 90,061 kwenye ziada, halafu 90,063, halafu 90,065. Kujumlisha tu.

Nilijaribu mwenyewe kwa penseli, usiku mmoja umeme ulipokatika. Katika jaribio la kumi na mbili, lile la 45,041, ziada ilifika 1,040,400, ambayo ni mraba wa 1,020. Jumlisha: 46,061. Toa: 44,021. Hivyo ndivyo vigawo vyenyewe.

Nashuku Fermat aliichagua namba hiyo makusudi, maana njia yake huenda mbio pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiachana mbali, utajumlisha mpaka uzeeke.

Udhaifu huo haukuishia kwenye barua. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni namna ya kufunga siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa sana. Usalama wake wote unategemea ugumu wa kuzitenganisha tena, kwa hiyo namba hizo hazipaswi kukaribiana. Sharti hilo lilijulikana, lakini si kila mtengenezaji alilizingatia. Mwaka 2022 Hanno Böck wa Ujerumani alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kuchapa za maofisini zilijitengenezea funguo za siri kwa namba tasa zilizokaribiana mno. Zilikuwa namba zenye tarakimu mamia. Alizitenganisha kwa njia ileile ya Fermat, na kompyuta ikamaliza kazi baada ya hatua chache tu.