Kikombe Kisichofanana na Tunguri

Kikombe cha dadu alichonunua mjukuu wangu ni kizuri, sikatai. Ni cha ngozi nyeusi, kuta zimenyooka, ndani kimebandikwa kitambaa kizito cha kuua mlio. Ukikipeleka huku na huku mezani kwa kasi, dadu hubanwa ukutani. Ukikisimamisha ghafla na kukiinua, unazikuta zimepandana wima. Mimi nimefanya mazingaombwe mashuleni, Maneromango na Msanga hadi Mlandizi na Maili Moja, na mkono wangu unakijua chombo kizuri. Ila Kisarawe ya ujana wangu kisingefaa.

Tatizo ni sura. Mtoto wa Kizaramo angeona tunguri, kile kibuyu kidogo cha dawa cha mganga, ambacho wachongaji wa Uzaramo walikitilia vizibo vyenye vichwa vya watu. Huwezi kutikisa chombo cheusi mbele ya darasa la tatu ukategemea wacheke. Watatimka, na jioni mzazi atakuja kuuliza umewafanyia nini.

Na sheria ilikuwepo. Ile ya uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 nasi tukairithi baada ya uhuru, haikumlenga anayeloga tu. Hata kujidai una nguvu hizo, au kukutwa na vifaa vyake, kulitosha kukufikisha mahakamani. Ndiyo maana walimu wakuu walipenda kukagua begi kabla ya kugonga kengele. Tulijifunza kubeba vitu vya jikoni.

Wazungu nao walipita humo humo. Seneca wa Roma, karibu miaka 2000 iliyopita, aliandika kwamba vikombe na vijiwe vya wacheza kiini macho humdanganya bila kumdhuru, na akishaonyeshwa siri, hamu inamwishia. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alizianika kitabuni siri za vitufe na karata, akitaka watu waache kuwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe waliuawa kwa tuhuma hizo hizo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi chombo chetu kilikuwa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu. Kila mtoto alikuwa amekinywea uji. Kishikio chake kinasumbua, kweli, na mwanzi uliokatwa chini ya fundo unateleza vizuri zaidi mezani, ila kiangazi hupasuka. Sifa kubwa ya bati ni kelele. Chini ya mwembe wa shule, watoto wa nyuma hawaoni dadu, wanazisikia. Zikinyamaza ghafla, uwanja mzima unanyamaza, hapo ndipo unapopata nafasi ya kufanya lako. Kitambaa kile cha ndani kingetunyang'anya nusu ya watazamaji.

Mwaka 1994 televisheni za Dar es Salaam zilianza kurusha matangazo, na polepole sarafu tulizopewa na watazamaji uwanjani zikapungua. Mjukuu wangu anafanyia kumbini, kwenye harusi za Kibaha, meza kwa meza, simu za wageni zikimchungulia vidole kwa karibu. Huko ngozi na ukimya vinamfaa. Akialikwa shule yoyote ya Kisarawe, nimeshamwambia, kikombe cha bati kipo kabatini kwa bibi yake.