Bei ya Korosho Inavyofika Nkowe

Anayedhani vipindi vya biashara ni vya watu wa mjini hajakaa kwenye kibanda umiza chetu, banda la kulipia kutazama televisheni, hapa Nkowe, kusini mwa Tanzania, msimu wa korosho. Ikifika taarifa ya habari, hata mpira hubadilishwa.

Babu yangu aliijua biashara kubwa kwa mluzi wa treni. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikapata matrekta na reli ya kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 na reli ikafa. Mikorosho ikabaki.

Baba yeye bei aliletewa na mtu wa kangomba. Huyo huja wakati wa njaa, anakuachia visenti. Ukivuna, anapima kwa bakuli lililofurika mpaka likaota kichuguu, na kichuguu hakihesabiwi. Taarifa ya habari ya kumsuta kwa bei haikuwepo kwenye kioo: Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Bara tulingoja hadi 1994.

Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani yangoje kuuzwa kwa pamoja, ilipoingia kwenye korosho mwaka 2007, bei ilihamia mnadani, na mnada ukawa habari. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ya chini, Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali itanunua kilo kwa shilingi 3,300. Pesa haijafika, watu walishakopa mabati dukani.

Mtangazaji hutaja bei ya kilo, makato hayataji. Mimi nangoja kipindi kitakachoisoma karatasi ya malipo ya mkulima mstari kwa mstari: ushuru, chama, usafiri, gunia. Hicho nitakilipia kiingilio.