Kazi za Kiangazi katika Kibanja: Amri na Sababu

Ninyi mlioko Nkwenda na vijiji vya jirani, natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari lake.

Mwezi wa Juni ndio mwanzo wa kiangazi. Mvua za masika zimekatika, maharage yanavunwa, kahawa inaanikwa. Kila mwenye kibanja anajua kazi zinazomngoja: kukata majani makavu ya migomba, kupunguza machipukizi, kukata nyasi huko rweya na kuzitandaza kibanjani. Leo tutatazama historia ya kazi hizo, maana ina jambo linalotuhusu sana.

Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Uliingia Afrika zamani sana, ukaenea mpaka nchi zetu za Maziwa Makuu. Wazungu Speke na Grant walipofika Karagwe mwaka 1861, wakapokewa na Mfalme Rumanyika, walikuta nchi yenye ng'ombe wengi. Samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya ndizo zilizolisha kibanja. Nyasi zikitandazwa, udongo haukauki upesi kwa jua, na magugu hayaoti ovyo. Zikioza, huwa mbolea. Wazee walijua hayo bila kitabu.

Sasa tuje katika wakati wa ukoloni. Mgomba una adui anayeitwa fukusi. Hutaga mayai chini ya shina, na funza wake hutoboa tunguu mpaka mgomba uanguke kwa upepo. Mdudu huyu hujificha penye unyevu na vigogo vinavyooza. Kwa hiyo nyasi zisisongezwe mpaka shinani, na visiki vya zamani ving'olewe, vikatwekatwe, vikauke.

Shauri hilo ni jema. Lakini serikali ya kikoloni huko Bukoba ilitaka migomba yenye fukusi ing'olewe kwa amri. Mwaka 1953 watu walikusanyika Kamachumu kupinga. Polisi wakawatawanya, na Ali Migeyo, mmoja wa viongozi wao, akafungwa.

Je, watu wale walikuwa wajinga? La, hasha! Kibanja ni chakula cha nyumba. Ni urithi, na ndani yake wamezikwa mababu. Mtu akiambiwa "Ng'oa!" wala asielezwe sababu ikamwingia moyoni, atafikiri kwamba ananyang'anywa.

Miaka ikapita, nchi ikapata uhuru. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulitambuliwa Uganda. Mwaka 2006 ukaonekana katika wilaya ya Muleba, wilaya ile ile yenye Kamachumu. Baadaye ukafika Karagwe na Kyerwa. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina hutoka utomvu wa manjano. Neno likawa lile lile: mgomba mgonjwa uondolewe.

Sababu ni hii. Ugonjwa huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima, huuambukiza. Kumbe kazi yetu ya Juni ya kukata majani, tuliyorithi kwa wazee, yaweza kuua kibanja kizima, tukiazimana panga bila kulisafisha! Basi, kabla ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha panga katika moto. Wadudu nao huchukua ugonjwa kutoka ua dume la mgomba. Mkungu ukiisha kutoa vichane vyote, vunja ua hilo kwa mti wenye panda, wala usitumie panga.

Ndugu zangu, mtu aliyeamriwa tu huacha kazi msimamizi akigeuka. Mtu ajuaye sababu huifanya hata akiwa peke yake kibanjani. Ndiyo maana mnajifunza kusoma: ili mkiletewa agizo mlisome wenyewe, muulize, "Kwa nini?" na mlipime jibu.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini watu wa Kamachumu walikataa amri mwaka 1953?

2. Nani katika kijiji chako huazima panga la jirani? Utamwambia nini?

3. Andika sentensi tatu juu ya faida ya kutandaza nyasi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.